Uji wa Kijino

Furushi la wifi lilitua uani, likafunguka, nguo zikatapakaa.

"Toka!" Mama Kijino alimfokea. "Kila ukimkorogea mwanangu uji, anatapika mpaka nyongo."

"Mimi nimwekee sumu Kijino? Mtoto wa kaka yangu mwenyewe?" Wifi aliokota nguo huku akilia. "Haya, naenda. Ila wifi, ule mwiko wako utausugua? Mimi nausugua mpaka viganja vinaniwaka, na bado hautakati."

"Umtilie mwanangu sumu, kisha unisingizie mimi uchafu!"

Mlango ukabamizwa.

Mama Kijino alirudi jikoni, ambako ndiko alikofanyia kazi yake ya kutengeneza vitabu vya zamani. Mezani kililala kitabu kikubwa, ngozi yake imekauka inapukutika vumbi jekundu, mgongo unaning'inia. Aliibandua ngozi ya zamani kwa kisu bapa, akapima mpya, aliyokwisha kuikwangua ikawa laini kama sikio la mtoto.

Juu ya jiko gundi ya unga ilikuwa inatokota. Aliinyunyizia ile dawa yake nyeupe, wadudu wasije wakakirudia kitabu. Dawa hiyo haikuwa na mchezo. Tangu aanze kuitumia, hata mende wa jikoni walikwisha wenyewe, naye akashukuru.

"Mama, tumbo," Kijino aliita kutoka chumbani. Sauti ilikuwa nyembamba kama uzi. "Shangazi yuko wapi?"

"Ameondoka, baba. Sasa utapona."

Aliikoroga gundi, akaipaka, akabandika ngozi mpya, akakifunga kitabu kwa utepe ili kikauke kimenyooka. Kumbe siku zote hizo adui alikuwa ndani, wanakula pamoja na kucheka pamoja!

Akainuka kupika uji. Hakutaka kubahatisha. Unga aliofungua wifi aliumwaga jalalani. Sukari, jalalani. Sufuria aliisugua, akaisuuza kwa maji ya moto. Kikombe hali kadhalika. Hakuacha kitu ambacho yule mwanamke alikigusa.

Uji ulipoanza kuchemka, akauchomoa mwiko kwenye gundi, akaukung'uta ukingoni, akaupangusa kwa pindo la gauni, akakoroga taratibu, uji usishike mabonge.

Akampulizia mtoto, akamwinua kichwa.

"Kunywa, mwanangu. Leo usiogope. Nimekukorogea mimi mwenyewe."