Mrija wa Wakwe

Baba wa mchumba wa Kabula, mzee kutoka makazi ya wakimbizi ya Katumba, alionja yeye kwanza ile pombe ya mtama waliyokuja nayo, wenyeji waone haina sumu. Kisha akapitisha mrija kwa mikono miwili.

Baba yake Kabula akatoa leso, akafuta ncha ya mrija. Akafuta tena.

“Wakimbizi hawa,” akamnong'oneza binti yake, “huwezi kuwajua.”

Siku zote Kabula alimjibu kwamba hata ukoo wao wenyewe ulihamia Mpanda kutoka mbali, ukiswaga ng'ombe. Alishasema mpaka mate yakamkauka. Leo alichoka.

Akauchukua ule mrija, akavuta funda refu. Kisha akajikokota hadi kwenye mkeka wa wageni, akakaa katikati yao.

“Haya, baba,” akasema. “Tutajie mahari.”