Ini la Panya

Daktari Zawena aliweka ini la panya kwenye kisahani cheupe. Lilikuwa jekundu, laini.

"Mzee Chande, njoo uone. Huyu tumemnywesha pombe tangu masika, na ini lake ni zima kabisa."

Chande, mtunza panya wa utafiti, alisogea. Kila asubuhi aliinywa yeye ile pombe, panya akawajazia maji.

"Wenzake wote wako hivi hivi," daktari alisema. "Ini la mlevi huvimba, kisha huwa gumu kama soli ya kiatu. Sasa pombe yote ile imekwenda wapi?"

"Labda panya wa huku wameshazoea, Daktari."

Daktari alicheka. Chande hakuweza. Kwanza aliogopa kufukuzwa kazi, kisha akakumbuka tumbo lake, lililomjaa hadi suruali akaifunga kwa kamba. Yeye alidhani ni gesi.

"Nishikie kisahani," daktari alisema, akawasha taa kubwa.

Aliinama kulitazama ini. Alipoinua kichwa, akabaki anayaangalia macho ya Chande, ya manjano kama bizari chini ya ile taa, na kicheko kikamwisha.

"Mzee Chande, hebu fumbua macho vizuri."

Chande akainamisha uso, kisahani kikainama naye, na lile ini likateleza polepole hadi ukingoni.