Mtego wa Bi Zuwena

Bi Zuwena ndiye aliyekwenda manispaa kupiga kelele kwamba paka wa mtaani anamwibia samaki kikaangoni, na kwamba lazima mmoja auhame mji, yeye au huyo mwizi. Shekue, mshika paka, akamletea kizimba cha mtego na kumwelekeza kama anavyowaelekeza wote: ufunge mlango kwa kamba ubaki wazi, umlishe humo ndani mpaka azoee, kisha ufungue kamba. Siku hiyo akiingia tu, mlango utafyatuka wenyewe.

Lakini kila Shekue alipopita kuulizia, jibu lilikuwa lile lile: "Bado hajazoea, mwanangu."

Leo alikuja na gunia begani, uvumilivu umemwisha.

"Hodi!"

"Karibu, ila taratibu jamani, usimshtue."

Bi Zuwena alikuwa amekaa uani, anamtoa changu miiba. Kizimba kilikuwa pembeni yake, kivulini. Kamba haikuwepo tena. Mlango ulishikizwa wazi kwa kipande cha kanga, fundo juu ya fundo. Ndani, juu ya mto wenye foronya ya kudarizi, paka alilala chali, tumbo kama ngoma.

"Bi Zuwena, huyu si ameshazoea?"

"Wapi! Jana nilimwekea dagaa, akaninunia mpaka magharibi."

Akafunua sufuria, akapakua sahani ya wali wa nazi, akaisukuma taratibu kuelekea miguuni pa Shekue.

"Kula, mwanangu. Na wewe utazoea."

Shekue akatazama mlango wa kutokea nje, akatazama sahani. Kisha akalikunja gunia vizuri, akalikalia.