Picha za Bati Sebuleni kwa Mwalimu

"Nipe ile ya farasi," alisema Abeli kutoka juu ya kiti, nyundo mkononi.

Odilia akakodoa macho. Picha nne zilikuwa zimeegemezwa kwenye kochi, na zote nne kwake zilikuwa ukungu uleule. Akachukua iliyokuwa karibu, akampa.

"Ndiyo hii?" akauliza Abeli.

"Ndiyo, Mwalimu."

Abeli akapitisha kidole gumba kwenye pembe, akapata tundu la msumari, akaanza kugonga. Hakubisha. Odilia akashusha pumzi na kumshukuru Mungu aliyemwongoza mkono.

Picha hizo zilitoka Mikumi, kwenye hoteli ya watalii anakofanya kazi Happiness, binti yao mkubwa. Hoteli ilipobadilisha mapambo, yeye akaziomba. Hazikuwa za karatasi. Zilikuwa bati jembamba, laini mbele na nyuma, zimechapwa mambo ya kale: Wamisri wakijenga piramidi, farasi wa Warumi wakivuta magari ya vita, mfalme wa Uajemi kwenye kiti chake, na Malkia wa Sheba safarini. Baba yake, Abeli, alifundisha historia hapa Kilosa mpaka akastaafu, akizichora piramidi hizo kwa chaki mbele ya watoto waliokuwa wakisinzia. Sasa apumzike akizitazama ukutani kwake. Na leo Happiness mwenyewe alikuwa njiani kuja kuona zimependezaje.

Hilo ndilo lililomkosesha Odilia raha tangu asubuhi. Macho yalianza kumfifia mwaka jana. Aliaga kwamba anakwenda Berega kumsalimu dada yake, kumbe anakwenda kwa daktari. Presha ya macho, akaambiwa, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Sasa alichobaki nacho ni mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu akipita.

Hakumwambia mtu. Krismasi iliyopita watoto walikuwa wamekwisha kata shauri: siku wazee watakaposhindwa kujitazama, nyumba inafungwa, mama anakwenda Mikumi kwa Happiness, baba anakwenda Mwanza kwa mwana wao Yared. Nyumba za mjini ndogo, walisema, hakuna mwenye nafasi ya wawili. Walisema kwa upendo, ndiyo maana hakukuwa na wa kugombana naye. Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Sawa, lakini wahenga hao hawakuwa na watoto wa kuwagawana kama vyombo vya urithi.

Hakumwambia hata Abeli, mumewe. Mwalimu hajui kusema uongo. Happiness angemtazama mara moja tu usoni, mambo yote hadharani. Isitoshe, Odilia aliwaza, nyumba inahitaji macho ya mtu mmoja, na ya Mwalimu yapo. Ni kweli naye amezeeka. Baiskeli ameiacha, anasingizia magoti. Kwenye sala ya jioni hafungui tena Biblia, anazitoa zaburi kichwani, na hakosei. Akikaa barazani amekuwa mvivu hata wa kugeuza shingo. "Nani yule anapita?" anauliza, naye Odilia anajibu, "Angalia mwenyewe, mimi nasonga ugali," kisha anatega sikio mpita njia aseme shikamoo ndipo amjue kwa sauti. Mpaka hapo wamekwenda vizuri. Alimwegemea mumewe, na mumewe hakujua kwamba ameegemewa.

"Lete piramidi."

Akaleta. Nyundo ikalia, kisha Abeli akaguna na kunyonya kidole.

"Umejigonga?"

"Uzee huu," akacheka. "Lete mfalme."

Akaleta. Mwisho akaleta Malkia. Mara nne alibahatisha, na mara nne Mwalimu hakumsahihisha. Odilia hakuwahi kuwa na bahati ya namna hiyo maishani.

Abeli akashuka kitini taratibu, akasimama kando ya mkewe. "Haya, ziko sawa, moja moja? Malkia wa Sheba je?"

"Amekaa kama amezaliwa hapo."

"Farasi?"

"Wazuri sana."

"Basi tazama vumbi lile nyuma ya magurudumu," akasema Abeli, na sauti ya darasani ikamrudia. "Tazama yule wa kulia anavyotoa povu. Dereva anamvuta, hasikii. Umeona?"

"Nimeona," akasema Odilia. Alitamani kuliona vumbi hilo kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote. Angeweza kumsikiliza Mwalimu akilieleza mpaka kufa, mradi wasimpeleke Mwanza.

Gari likasimama nje. Nyayo zikaja barazani, mlango ukafunguliwa. Wote wawili wakasubiri.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," wakajibu pamoja. "Karibu. Zione picha zako," akaongeza Odilia, akielekeza mkono ukutani kwa maringo yote aliyoweza kuyakusanya.

Happiness akasogea ukutani, akazitazama moja baada ya nyingine.

"Baba," akasema hatimaye, polepole. "Mbona mbili mmezigeuzia ukutani? Na huyu mfalme, mbona yuko kichwa chini?"

Odilia akangoja Mwalimu ajibu.

"Mama Happiness," akanong'ona Abeli, "si nilikuuliza moja moja?"

Odilia akanyoosha mkono kumtafuta mumewe. Njiani ukagongana na mkono wa Abeli, nao ukipapasa hewani.