Mtetezi wa Wagonjwa

Mama alikuwa amejikunja kwenye benchi la hospitali, mikono imekaba tumbo, na bado akataka televisheni iongezwe sauti.

"Huyu ndiye mtetezi wetu," alimwambia binti yake huku akiuma meno. "Siku nikikutana naye, nitampa mkono."

Kwenye kioo, mheshimiwa mmoja mwenye tai nyekundu alikuwa amesimama bungeni. Hoja ilikuwa ileile ya wiki nzima: je, matibabu ni haki ya kila mtu? Kura ziligawanyika nusu kwa nusu, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kutoka ukumbini. Upande ambao ungepungukiwa na kichwa kimoja ungeshindwa. Waliolala walilala vitini, kwa uzalendo.

Binti hakuwa na hamu ya siasa. Walikuwa wametoka mbali kwa sababu ya bango la langoni: "Upasuaji Wakati Wote." Akamfuata muuguzi.

"Sista, mama ametapika tena. Daktari vipi?"

"Nimeshamwarifu. Kidole tumbo kinaweza kupasuka, anajua. Lakini anasema hawezi kutoka sasa hivi. Akitoka, kazi yote imeharibika."

"Hakuna mwingine?"

"Wa upasuaji ni huyo huyo."

Binti alinywea. Alimfikiria mgonjwa mwingine aliyelala mezani, tumbo wazi, akaona haya kumharakisha daktari.

"Basi amalize salama, maskini."

Muuguzi aliitupia televisheni jicho, akaondoka.

"Mgonjwa hasubiri!" mheshimiwa alinguruma, akipiga meza. "Tukibishana hapa, kuna mama anaumia kwenye benchi!"

Upande wake ukashangilia. Upande wa pili ukazomea. Mmoja akaomba mwongozo wa spika kama neno "benchi" ni lugha ya staha.

Mama alipiga makofi mara mbili, kisha mikono ikamlegea, akaanguka ubavu.

Binti akapiga ukelele. Muuguzi akaja mbio na kitanda cha magurudumu, wakambeba.

"Ingia naye ndani!" binti alilia. "Daktari akimwona mwenyewe, hatakataa!"

Akausukuma mlango wa chumba cha upasuaji kwa bega. Taa zilikuwa zimezimwa. Mezani hapakuwa na mtu.

"Daktari yuko wapi?"

Muuguzi alinyoosha kidole nyuma yao, kwenye televisheni, ambako tai nyekundu ilikuwa ikipigiwa makofi.

"Ndiye huyo," alisema. "Anawatetea."