Mgeni wa Brussels na Jaji Huru

"Ukiulizwa kama nakupigia simu kabla ya hukumu," Mzee Ödön, mkuu wa mahakama, alimnong'oneza Jaji Jolán ngazini, "sema hata mlio wa simu yangu huujui."

"Na leo umepiga mara tatu."

"Dada'angu, hospitali inavuja. Umoja wa Ulaya umezuia fungu letu mpaka uridhike kwamba majaji wetu wako huru. Ukiropoka, wagonjwa watahamia sebuleni kwako. Haya, nenda ukawe huru, upesi!"

Mlango ukafungwa nyuma ya Jolán.

Ndani walikaa Bwana Lambrecht, mgeni wa Brussels, makao ya Umoja huo, na Csilla, mkalimani. Mezani palikuwa na bia na mikate midogo ya jibini.

Jolán alibanwa kotekote. Akisema kweli, hospitali itakosa paa, na kiti chake kitaota mbawa. Akidanganya, fedha zitakuja, wageni hawatarudi kuuliza tena, naye atahukumu kwa simu mpaka astaafu. Nafasi ya kusema ilikuwa hii moja.

Kwa kumstahi mgeni, alinyoosha glasi yake wagonganishe, kama wafanyavyo huko kwao. Lambrecht akaivuta yake haraka, kama aliyeungua.

Jolán nusura alie. Sisi Wahungaria hatugonganishi bia, tangu Waaustria walipogonganisha zao, husemwa, wakishangilia kunyongwa kwa majenerali wetu. Mtu mzima, tena wa Brussels, kajisumbua kujifunza machungu yetu! Mtu kama huyu hadanganywi.

"Shangazi Jolán, anauliza," alisema Csilla, "yupo anayekuamulia jinsi ya kuhukumu?"

"Mwambie yupo. Yuko hapo nje, kabandika sikio mlangoni. Kesi ya shamba la mkwe wa meya, niliamriwa kwa simu. Ya mwalimu aliyefukuzwa, vilevile. Fedha wazizuie tu. Paa livuje, tutatega ndoo."

Akaimaliza bia yake kwa mkupuo mmoja. Kwa mara ya kwanza katika miaka minane, kifua chake kilikuwa chepesi.

Csilla hakutafsiri. Alikuwa akitazama vidole vyake.

Lambrecht akafunga daftari, akaenda kumfungulia Mzee Ödön mlango.

"Huyu hafai, mkuu," alisema kwa Kihungaria cha mtu aliyezaliwa mtaa wa pili. "Na wageni wa kweli wanatua kesho saa nne. Tumjaribu nani sasa?"