Kushuka Hadi D

"Shusha tena kidogo, mwanangu," alisema Mama Asteria, mkono ukiwa kooni.

Sylvester aliondoa vidole juu ya kinanda kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Wimbo huo ulizaliwa katika ufunguo wa G. Alikuwa ameushusha hadi F, kisha hadi E, na kila mara alilazimika kuhamisha mikono yote miwili na kujifunza upya kidole kipi kiende wapi. Na kila mara Mama Asteria alikwama mahali palepale, kwenye neno "mlimani" katika ubeti wa kwanza.

"Mama, nimeushusha mara mbili. Tazama mikono yangu. Ilikuwa pale, sasa iko hapa."

Wanakwaya wote walitazama. Mikono ilikuwa imehama kweli.

"Tukiendelea kushuka tutafika Makanya kule bondeni," alisema Hezroni wa besi, na kanisa likacheka. "Ila nashangaa, koo langu bado halijagusa chini."

"Koo lako ni korongo, halina chini," alimjibu Wilbard, mwalimu wa kwaya.

Asteria ndiye aliyeongoza ubeti huo tangu kwaya ya Vudee ilipoanzishwa. Tamasha la Same lilikuwa linakaribia, na kuongoza mbele ya kwaya za wilaya nzima lilikuwa jambo pekee ambalo mwanamke huyo aliwahi kuliomba kwa sauti. Kwa hiyo alikunywa tangawizi iliyochemshwa mpaka machozi yakamtoka. Alijifunga skafu shingoni hata mchana wa jua. Hakukubali kwamba ameshindwa, na ukaidi huo ulimchosha Sylvester kuliko kazi yenyewe.

Wiki iliyofuata Sylvester alifika mapema, kama kawaida yake. Aliunganisha nyaya, akafunika vitufe vya juu vya kinanda kwa kitambaa alichokifuma mkewe, Magreth, ili kuzuia vumbi. Vudee haina upungufu wa vumbi, na hakuna aliyewahi kukiuliza kitambaa hicho habari zake.

"Shikamoo, mama," Sylvester alimwamkia Asteria alipoingia. "Leo tuko D. Chini ya hapo ni kaburi."

"Marahaba. Basi tutalala humo humo."

Sylvester alinyoosha kitambaa, akaanza. Asteria alipanda taratibu, macho ameyafumba, na alipofika "mlimani" sauti yake ikapasuka vipande viwili.

Safari hii hakuna aliyecheka. Alijishika kwenye benchi, akaketi.

"Kumbe ni uzee," alisema. "Nimewasumbua bure. Nani mwingine anaujua ubeti?"

Magreth aliujua. Sauti yake nyembamba, ya juu, ilipita penye "mlimani" bila jasho. Wilbard alimshukuru Mungu. Sylvester alikunja nyaya zake, uso ukiwa bado umenuna.

Mjini Same, waandaaji walitangaza kwamba kila kwaya itatumia vyombo vilivyopo jukwaani. Sylvester alibishana nao mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Kinanda ni kinanda, Sylvester," alinong'ona Wilbard kwa aibu. "Unatutia fedheha mbele ya watu."

Mpiga gitaa wa wenyeji aligeuka. "Mnaimba ufunguo gani?"

"D!" ilijibu kwaya nzima, kabla Sylvester hajafungua kinywa.

Magitaa yakaanza. Magreth akavuta pumzi, akafungua kinywa, na sauti ikamzamia kama jiwe kisimani. Wimbo ulikuwa chini mno, chini kuliko alivyowahi kuuimba. Hezroni akageuza shingo, amekunja uso. Kisha kutoka safu ya nyuma Asteria akaudaka ubeti, akaupandisha bila kukaza mshipa hata mmoja, akapita "mlimani" na kuendelea.

Mbele yake, kidole cha Sylvester kilikuwa bado kinapapasa juu ya kinanda cha watu, kikitafuta pale ambapo kule Vudee, chini ya kitambaa, kilikaa kitufe alichokibonyeza ili kuurudisha wimbo juu kila mikono yake ilipoushusha.